Klematisi ya Mama, Kilimatinde

Kila asubuhi mama yangu alipiga magoti mbele ya mlango wa bibi na kusema, "Shikamoo, mama."

Bibi, mzaa baba, aliisikia. Nilimwona akiisikia. Alifungua kikopo chake cha ugoro, akachota kidogo kwa ukucha, akavuta pua moja, akavuta na ya pili, akapiga chafya, akafuta macho kwa upindo wa kaniki. Kisha alitazama kama mbuzi wote wametoka zizini. Ndipo aliposema "marahaba," akiisemea hewa iliyokuwa juu ya kichwa cha mama. Wakati wote huo magoti ya mama yalikuwa juu ya changarawe. Nimesoma vitabu vingi tangu siku hizo na nimekaa na watu wanaobishana hadi jasho liwatoke juu ya namna ya kuandika mateso. Mimi nikitaka kuandika mateso nayakumbuka magoti yale, na alama za vijiwe zilizobaki ngozini hadi mchana.

Tuliishi Kilimatinde, juu kabisa, mahali ambapo nchi inakatika ghafla na kushuka bondeni. Ukisimama ukingoni alfajiri, mbuga ya chini imejaa ukungu mweupe kama maziwa kwenye kibuyu. Jua likipanda, ukungu unapasuka na unaona moshi wa Kintinku ukisimama wima. Baba alifanya kazi ya reli Manyoni, akaja nyumbani Jumamosi na sukari kwenye karatasi. Mama alikuwa Mnyiramba, mgeni kutoka kaskazini. Bibi alikuwa Mgogo. Hawakuwa na lugha moja ya nyumbani, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili, lugha ya serikali na ya kanisani. Yaani bibi aligomba na mama alinyamaza.

Mama alizaa kabla yangu mtoto aliyekufa hajatambaa, akanizaa mimi, kisha akazaa mwingine ambaye hakulia. Baada ya hapo tumbo lake lilikaa kimya. Katika nyumba yetu ukimya huo ulisikika kuliko kinu.

Ua lake alilipata ukingoni. Ulikuwa wakati ule ambapo pori limekwisha kuungua na mvua za kwanza zimekwisha kupiga, ardhi bado nyeusi kama kitako cha sufuria. Tulikwenda kuokota kuni. Katikati ya masizi kilisimama kichaka kidogo, kimo cha goti, mashina yake yana vinyweleo, na maua yameinamisha vichwa kama wakwe waliokaribishwa ndani. Yalikuwa meupe yenye wekundu wa mbali, rangi ya kucha za mtoto aliyetoka kuogeshwa, na ndani yake nyuzi za manjano. Kila kitu kingine pale kilikuwa kimekufa. Mama alichuchumaa, akalisemesha kwa Kinyiramba, kwa sauti anayotumia mtu kumbembeleza mtoto aliyeachwa peke yake.

"Maskini," aliniambia kwa Kiswahili, "wamemchomea wenzake wote. Yeye kaponea wapi?"

Alidhani moto ulilikosa. Na mimi nilidhani hivyo.

Alijaribu kuling'oa akashindwa. Mzizi ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, ukashuka moja kwa moja kwenye mawe, na kipande alichokikata kwa jembe kilioza ndani ya wiki. Akangoja. Maua yalipokauka alirudi, na sasa juu ya kila shina kulikuwa na kichwa cha mvi, mbegu zenye mikia laini ya hariri zilizoshikamana kama nywele za mzee. Akazifunga kwenye pindo la khanga.

Alizipanda kwenye chungu kilichovunjika mdomo, mchanga na samadi ya mbuzi iliyokauka. Mbegu za kwanza zilioza kwa sababu alizimwagilia kila alipozikumbuka, na alizikumbuka mno. Za pili alizikatia tamaa, akakisukuma chungu nyuma ya mtungi, na hapo ndipo moja ilipochungulia. Akaihamishia nje, chini ya ukuta wa tembe yetu ya udongo, kando ya mlango wake.

Bibi alikuja kulitazama, mikono mgongoni.

"Linaliwa?"

"Haliliwi, mama."

"Ni dawa?"

"Sijui, mama."

"Linafukuza nyoka?"

"Hapana, mama."

"Basi linaficha nyoka." Akawageukia majirani waliokuwa wakipita na ndoo. "Mmeona? Mkwe wangu kaleta mgeni mwingine asiyezaa kitu. Kama vile yeye peke yake hatoshi."

Walicheka. Bibi alijua kuchekesha. Hilo lazima niliseme. Alikuwa na ulimi ambao watu waliufuata kama watoto wanavyofuata ngoma, na mtu aliyekuwa akichekwa leo alijitahidi sana kucheka kesho.

Mama alililea lile ua kwa namna ambayo sijaona mtu akilea kitu. Alilizungushia miiba mbuzi wasilifikie. Alipalilia kwa vidole. Maji aliyooshea mtama hakuyamwaga, aliyapeleka pale, polepole, akiyaelekeza kwa kiganja. Kiangazi alilisimikia matawi likapata kivuli. Akikata ncha zilizokauka, utomvu ulimbabua vidole vikatoka malengelenge, na usiku alivipuliza huku akitabasamu, kama mtu aliyeng'atwa na mtoto wake anayenyonya. Nalo likakua. Likampita kiuno, likampita kifua, likaegemea ukuta, majani tele, ya kijani, ya kupendeza.

Halikutoa ua hata moja.

Mvua zikaja zikapita, zikaja tena zikapita. Na hapo bibi akapata neno alilokuwa akilitafuta siku zote. Akaanza kuliita ua lile "mwenzio."

"Mwenzio kaamkaje leo?" alimuuliza mama. "Bado kavimba majani tu?" Kisimani aliwaambia wanawake, mama akiwa pale pale na ndoo mkononi: "Kwangu kuna tasa wawili. Mmoja anamnywesha mwenziwe. Mimi ndiye ninayekosa maji ya kunawa!"

Mwanamke mmoja alicheka hadi ndoo yake ikapinduka.

Jumamosi moja baada ya mavuno bibi alimwita baba, akamwita na mama, akasema mbele yao na mbele yangu kwamba kuna msichana Kintinku, kwao ni watu wazuri, mama yake kazaa hadi kachoka, na ng'ombe wanaweza kuzungumzwa. Baba alitazama kofia yake ya reli iliyokuwa magotini.

"Mama amesema," alisema. Hilo lilikuwa jibu lake kwa mambo yote.

Mama alipiga magoti. "Ninaomba mvua zijazo tu, mama. Zikipita nami niko hivi hivi, leteni mwenzangu, nami nitarudi kwetu bila maneno."

"Wewe na huyo wa ukutani?"

"Sisi wote wawili, mama."

Sijui kwa nini alijibu hivyo. Nadhani alikuwa amechekwa vya kutosha hata akaona afadhali awe na mtu upande wake, na mtu huyo akawa kichaka. Tangu siku hiyo mimi nililitazama ua lile kwa hofu. Nilihesabu majani yake nikitafuta kati yao kitu kilichojikunja kinachofanana na tumba. Kama likichanua, mama atabaki. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nilikuwa na hakika.

Mwisho wa kiangazi kila boma kwetu huchoma ukanda wa nyasi kuizunguka nyumba, ili moto wa porini ukija usikute chakula. Serikali ilikuwa imekataza kuchoma bila ruhusa, na jumbe alipita akitangaza. Bibi alimsikiliza vizuri, akamkaribisha uji, na alipoondoka akasema, "Serikali haina tembe hapa."

Alichoma mchana wa jua kali, mama akiwa kisimani. Alinipa tawi bichi niupige moto usipande ukutani. Alizunguka na kijinga cha moto mkononi, akichoma hapa, akikanyaga pale, kazi nzuri ya mtu aliyeifanya maisha yake yote. Alipofika mlangoni pa mama alisimama. Akaenda kuchukua nyasi kavu, akazitupa ndani ya uzio wa miiba. Akaenda akaleta nyingine, akazishindilia hata shinani. Kisha akakiinamisha kijinga.

Miiba ilishika kwanza. Majani yale ya kijani yalipiga kelele, nasema kweli, yalipiga kelele kama mafuta kwenye kikaango.

Mama alitokea na debe la maji kichwani. Alisimama. Maji alikuwa nayo, debe zima, na moto ulikuwa hatua chache mbele yake. Nilimwomba kwa macho ayamwage. Lakini yalikuwa maji ya kupikia ya bibi. Alipiga magoti, akalitua debe taratibu, na halikumwagika hata tone.

"Umechelewa, mkwe wangu," alisema bibi. "Mwenzio tumekwisha kumpika."

"Ahsante kwa kazi, mama," alisema mama, kama anavyopaswa mkwe kumwambia mkubwa aliyemsaidia kazi ya uwanjani.

Lilibaki gutu jeusi, fupi kuliko kidole changu.

Mvua zilianza. Mama hakulitazama tena gutu lile. Alipita mlangoni pake uso ukiwa upande mwingine. Mimi ndiye niliyeona vichipukizi, vingi, vyekundu, vimejaa vinyweleo, vikitoka chini ya ardhi kwa pamoja kana kwamba vilikuwa vikisubiri viitwe. Sikusema. Niliogopa kwamba nikisema bibi atasikia. Mtama ulipofika magotini, asubuhi moja mama alitoka kwenda kusalimu, akakanyaga nje, akabaki ameshika mhimili wa mlango.

Lilikuwa limechanua lote. Sikuona majani, niliona maua, yameinamisha vichwa, meupe yenye wekundu wa mbali, na nyuki ndani yake. Ukuta wetu wa udongo haukuwahi kuwa na kitu chochote kizuri mbele yake, na sasa ulionekana kama umetengenezwa kwa ajili hiyo.

Watu walikuja kuangalia. Yule aliyemwaga ndoo kwa kicheko alikuja pia. Mzungu mmoja muuguzi, tuliyemwita sista, alishuka kwenye baiskeli akafurahi kama mtoto. Alisema kwao ua hili lina ndugu zake wanaopanda kuta za nyumba, wanaitwa klematisi, na hili ni klematisi ya porini. Mama alilirudia jina hilo kwa sauti ndogo, akilionja.

Na bibi? Kesho yake asubuhi mama alipopiga magoti, shikamoo haijaisha kutoka mdomoni, bibi alisema, "Marahaba, mwanangu."

Mimi niliogopa. Kikopo cha ugoro hakikuwa kimefunguliwa.

"Kaa hapa," alisema bibi, akamsogezea kigoda. "Nimefikiri tangu jana. Ua hili wewe umelinywesha maji miaka yote, limekaa. Mimi nimelipa moto mara moja, limezaa. Sasa nauliza, tumbo lako limenyweshwa dawa ngapi? Za majani, za mizizi, za misheni. Zote za maji."

Mama aliyatazama maua.

"Moto, mwanangu," alisema bibi kwa upole. "Tulikuwa tunakosea dawa."

Ningependa kuandika kwamba mtu alipinga. Hakuna aliyepinga, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana kwa macho, limesimama ukutani na nyuki wake. Kulikuwa na mwanamke mzee jirani yetu aliyekuwa akiwachoma kwa chuma watoto waliovimba bandama, na baadhi walipona. Alipoulizwa kama chuma kinaweza kuamsha tumbo la uzazi, alisema hajajaribu, akaja akaliangalia ua, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema kinaweza. Baba alikuja Jumamosi. Alisimama mbele ya maua kofia mkononi. "Mama amesema," alisema.

Wala mama hakuburutwa. Alioga, akavaa khanga safi, akaenda kwa miguu yake, na alipopita karibu na ua alikata moja akalichomeka nyweleni. Aliamini. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe bibi: yale mengine aliyafanya kwa chuki, lakini hili alilifanya kwa kutumia kitu mama alichokipenda.

Nilibakizwa nje. Niliwasikia wanawake wakiimba kwa nguvu ili sauti nyingine isisikike. Walipomtoa, ua lilikuwa bado kichwani, halijanyauka.

Kidonda kiliharibika. Alichemka mwili, akaanza kuzungumza na watoto wake waliokufa, na mwishowe tukamchukua kwa machela hadi kituo cha misheni. Sista alimsafisha kwa midomo iliyokazwa, hakuuliza mengi. Siku mama alipoweza kuketi ndipo alipouliza, na mama akamweleza kila kitu, kuanzia mbegu, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa maelekezo ya upishi. Mimi nilikuwa miguuni pa kitanda.

Sista alimaliza kufunga bandeji. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mmea kama huu, mama, kila mwaka unakatwa. Chini kabisa. Halafu unachanua. Kwetu tunakata." Akaonyesha kwa vidole viwili. "Moto si lazima. Kisu kinatosha."

"Kisu kinatosha," alirudia mama.

"Ndiyo."

"Na mimi je, sista?"

Sista alidhani anauliza habari za kidonda. Alimpapasa mkono. "Wewe utapona," alisema.

Alipona. Ngozi ya tumbo ilijikunja na kumvuta mbele, akawa anatembea ameinama kidogo, kama maua yake. Mvua zilipita na tumbo lilikuwa kimya. Bibi alirudi kwenye ugoro wake wa asubuhi. "Mwenzio kashika ahadi," alimwambia, "wewe umeshindwa na kichaka." Baada ya mavuno ng'ombe walishuka Kintinku, na mjomba alikuja kutoka Iramba kumchukua dada yake. Mimi nilikuwa mtoto wa ng'ombe wa mahari aliowatoa baba, kwa hiyo nilibaki.

Mama aliniaga asubuhi, akiwa na furushi dogo. Nilingoja aseme jambo kubwa. Aliutazama ukuta, vichwa vile vya mvi vikipeperuka, akasema, "Usilimwagilie sana." Kisha akamfuata mjomba.

Msichana wa Kintinku, niliyepaswa kumwita mama mdogo, hakuwa mbaya. Alikuwa amenizidi umri kidogo tu. Aliimba akitwanga, alinisuka, na usiku wa kwanza alilia akaniomba nisimwambie mtu. Bibi alimpenda hadi mvua zilipopita. Zilipopita, alianza kulitazama tumbo lake kama mtu anayeangalia chungu kisichochemka.

"Binti," alimwambia siku moja, kiangazi kikiwa kinaishia, "unaliona hili la ukutani? Huyu ni mwalimu hapa kwetu. Tutalichoma, na likichanua nawe tutakupeleka kwa yule mama wa chuma. Wa kwanza alikuwa mbovu toka kwao. Wewe ni udongo mzuri, kwako moto utashika."

Mama mdogo alicheka akidhani ni mzaha. Kisha akanitazama mimi, akaona sicheki.

Kesho yake, bibi alipokwenda msibani, nilichukua kisu cha kuchunia mbuzi. Nilipiga magoti pale pale alipokuwa akipalilia mama, nikakata shina baada ya shina, chini kabisa kwenye udongo. Utomvu ulinibabua. Matawi yote niliyabeba hadi ukingoni, nikayatupa bondeni.

Bibi aliporudi na kukuta hakuna cha kuchoma, alinipiga kwa mpini wa ufagio hadi ukavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. "Umeliua! Una roho ya mama yako!" Na mimi nilidhani huenda nimeliua. Nilikuwa na maneno ya Mzungu tu, na Mzungu huyo alikuwa amesema pia kwamba mama atapona.

Mvua zilikuja. Sitasimulia tena vichipukizi. Asubuhi lilipochanua, mama mdogo alikuwa akipepeta uwele, ungo ukabaki hewani mikononi mwake. Uso wake ulikuwa umekauka. Alijua ahadi ya bibi: likichanua tutakupeleka.

Bibi alitoka, mikono mgongoni. Alilizunguka ua. Aliinama, akachokoa udongo kwa kidole gumba cha mguu akitafuta masizi, hakuona. Akayatazama mashina ya zamani, yaliyokatwa wima na safi. Akanitazama mikono, yenye makovu ya malengelenge. Alikuwa mwerevu kuliko watu wote niliowajua utotoni, hakuhitaji kuambiwa.

Alifungua kikopo, akachota ugoro, akavuta pua moja, akavuta ya pili, akapiga chafya.

"Kumbe hata kisu," alisema. "Basi yule tulimchoma bure."

Akafuta macho kwa upindo wa kaniki. Kisha akamgeukia mama mdogo, akamwuliza anangoja nini, uwele utajipepeta wenyewe?